MASHINE YA ZAMANI NDANI YA SIMU YA ASKARI

Askari aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990, akakulia karibu na kituo cha biashara, bila shaka anakikumbuka kibanda cha gemu. Sisi twakikumbuka chetu vema sana. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la unga, chenye televisheni ndogo, mashine ya plastiki iliyotoka Uchina, na pedi mbili ambazo nyaya zake zilikuwa zimezungushiwa utepe mweusi mara nyingi kiasi kwamba rangi ya asili haikujulikana tena. Mwenye kibanda alikaa mlangoni na saa yake mkononi. Ulipompa sarafu ya shilingi mia alikuonyesha benchi, na dakika zako zikaanza kuhesabiwa hata kabla hujaketi. Gemu iliyogombewa kuliko zote ilikuwa Contra: askari wawili, msitu, risasi kutoka kila upande, na maisha matatu tu kwa kila mchezaji. Yeyote aliyefika hatua ya maporomoko ya maji alitazamwa na wenzake kama mtu aliyerudi kutoka vitani.

Hatukudhani kwamba siku moja tungeandika juu ya mambo hayo katika ukurasa ambao wasomaji wake ni watu wa silaha na wa sheria. Lakini jambo lililompata mwenzetu mmoja mwaka jana limetulazimisha kushika kalamu.

KOPLO NA ADA YA MUHULA WA PILI

Koplo huyo, dereva wa magari makubwa, alifika ofisini kwetu baada ya saa za kazi. Alipiga saluti, akasimama wima, akasema: "Afande, naomba msaada ambao haumo katika kanuni." Tulimwambia aketi. Alikuwa amerudi kutoka Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kuhudumu Machi 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na alikuwa amekaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Anaye mtoto wa kiume wa miaka tisa.

"Nikipiga simu, afande, ananisalimu vizuri, kisha ananyamaza. Namwuliza habari za shule, anasema nzuri. Halafu anampa mama yake simu. Sina neno la kumwambia, naye hana la kuniambia."

Akiwa bado kule mbali, koplo alikikumbuka kibanda cha gemu cha kijijini kwao. Alisikia kwamba siku hizi mashine zile za zamani zaweza kuingia ndani ya simu ya mkononi, akawaza kwamba akirudi nyumbani atacheza na mwanawe, yumkini ulimi wa mtoto ukafunguka. Katika kundi moja la ujumbe mtu asiyemjua alikuwa ametuma kiungo, na maneno yaliyosema: gemu elfu moja za zamani, bure. Koplo akabonyeza. Programu ikaingia katika simu, ikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, naye akairuhusu. Ikaomba ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, akairuhusu. Mwisho ikamtaka aandike namba yake ya pesa za simu pamoja na namba yake ya siri, eti kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mzima. Akaandika.

Asubuhi akaunti ilikuwa tupu. Zilikuwamo shilingi laki nne na nusu, ada ya mtoto ya muhula wa pili. Ujumbe wa kumwarifu kwamba fedha zinatoka haukumfikia, maana programu ile ile aliyoiruhusu ilikuwa ikiupokea na kuuficha. Aliandikisha shauri polisi, lakini hadi tunapoandika haya fedha hazijarudi. Ametupa ruhusa ya kukisimulia kisa chake mradi tusilitaje jina lake.

Alichokuja kutuomba hakikuwa fedha. Alisema: "Afande, nimekwisha kulia. Sasa nataka nionyeshwe ile ya kweli."

MKALIMANI ASIYECHOKA

Ile ya kweli huitwa emuleta. Askari aliyewahi kufanya mkutano na wanakijiji wa Karamoja kwa njia ya mkalimani ataielewa upesi. Ofisa anasema kwa Kiswahili, mkalimani anageuza, wazee wanasikia kwa lugha yao. Gemu ya zamani iliandikwa kwa lugha ya mashine moja tu. Simu yako haiijui lugha hiyo. Emuleta hukaa katikati: huipokea amri moja moja ya gemu, huigeuza iwe amri ambayo simu inaifahamu, na hufanya hivyo bila kupumzika mara nyingi sana katika kila sekunde. Gemu yenyewe haitambui kwamba imehamishwa. Hudhani ingali katika mashine yake, imeunganishwa na televisheni ya sebuleni.

Mashine tuliyoichezea kibandani ilikuwa nakala ya mashine ya Kijapani iitwayo Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa tarehe 15 Julai 1983. Kiongozi wa wahandisi walioiunda alikuwa Masayuki Uemura, aliyefariki Desemba 2021. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 ilipewa jina la NES, na jumla ya mashine takriban milioni 62 ziliuzwa duniani. Moyo wake ulipiga mara milioni 1.79 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2, nafasi isiyotosha hata kuhifadhi makala haya. Gemu mashuhuri ya Super Mario Bros., iliyotoka mwaka 1985, ilienea katika kilobaiti 40. Picha moja tu uliyopigwa juzi kwenye gwaride, ikiwa na megabaiti 2, ingeweza kumezwa na nafasi ya Mario hamsini. Kwa hiyo askari asidhani kwamba anahitaji simu ya bei kubwa. Simu ya kawaida ya Android, hata ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, huutimiza ukalimani huu bila kutoka jasho.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Wengi mtakumbuka kwamba palikuwa na vijana waliojua siri ya kupata maisha thelathini katika Contra: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha vitufe vya B na A. Kibandani kwetu siri hiyo iliuzwa kwa kipande cha muwa. Aliyeibuni ni Mjapani Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliyefariki Februari 2020. Alikuwa akitengeneza gemu nyingine, Gradius, iliyotoka kwa Famicom mwaka 1986, akaiona ngumu mno kuijaribu mpaka mwisho. Akajitilia njia ya mkato, na njia hiyo ikabaki ndani gemu ilipouzwa. Sisi miaka ile tuliamini kwamba siri hiyo iligunduliwa na fundi redio wa mtaa wa pili.

SWALI LA HALALI NA HARAMU

Msomaji aliye polisi amekwisha kuuliza: je, mambo haya yanaruhusiwa? Hatuna budi kumjibu kwa uangalifu, kwa sababu mtu aliyevaa sare hawezi kukamata santuri za wizi mchana, kisha usiku akastarehe na gemu za wizi.

Emuleta yenyewe ni jambo moja, na gemu ni jambo jingine. Kuhusu emuleta, kesi inayotajwa mara nyingi ni ile ya Marekani ya mwaka 2000, ambamo kampuni ya Sony iliishtaki kampuni ya Connectix kwa kutengeneza programu iliyoziwezesha kompyuta kuendesha gemu za PlayStation. Mahakama ya rufani iliamua kwamba kuichunguza mashine ya mtu ili kutengeneza chako kinachofanya kazi kama hiyo kwa njia nyingine ni matumizi ya haki. Tangu hapo emuleta zimeendelea kutengenezwa hadharani. Hata kampuni ya Apple, iliyokuwa imezikataza katika duka lake la programu kwa miaka mingi, ilibadili kanuni Aprili 2024 ikaziruhusu zile za mashine za zamani.

Gemu ni mali ya mtunzi au kampuni yake, kama vile kitabu na wimbo. Umri wake hauifanyi kuwa mali ya umma. Hapa kwetu Uganda ipo Sheria ya Haki za Mtunzi na Haki Jirani ya mwaka 2006. Huko Marekani, mwaka 2018, wenye tovuti mbili zilizogawa nakala za gemu za Nintendo walikubali hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Machi 2024 watengenezaji wa emuleta iliyoitwa Yuzu, ambayo haikuwa ya mashine ya zamani bali ya mashine iliyokuwa ingali madukani, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 na kuifunga kazi yao.

Tuwe wakweli hata juu ya utoto wetu. Kaseti zile za kibandani, zilizojitangaza kuwa na gemu 9999, zilikuwa zenyewe za magendo, na gemu zile hazikuwa 9999. Zilikuwa chache, zikirudiwarudiwa kwa majina mapya.

Wapo watu waaminifu wanaolalamika, na malalamiko yao yana uzito, kwamba gemu nyingi za kale haziwezi tena kununuliwa kwa njia yoyote. Shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazimo tena sokoni. Jambo hilo linasikitisha, lakini sisi si watunga sheria. Ushauri wetu kwa askari ni kuifuata njia isiyo na shaka, nayo ipo, tena si ya dhiki. Wapo watunzi wa siku hizi wanaoandika gemu mpya kwa ajili ya mashine hizi kongwe na kuzigawa bure kwa ridhaa yao. Kwa mashine ya Famicom ipo Nova the Squirrel. Kwa Game Boy, ile mashine ya mkononi ya mwaka 1989, ipo Tobu Tobu Girl iliyotoka mwaka 2017. Kwa Game Boy Advance ya mwaka 2001 ipo Anguna, safari ya shujaa mwenye upanga katika mapango. Anayetaka kulipia kidogo anayo Micro Mages ya mwaka 2019, ambayo watunzi wake walijifunga makusudi wasizidi kilobaiti 40, wanaume wa kweli! Na anayeililia Contra yenyewe, Konami waliirudisha sokoni mwaka 2019 katika mkusanyo unaochezwa kwenye kompyuta na mashine mpya.

JINSI TULIVYOIWEKA

Tulikaa na koplo chini ya mwembe ulio nyuma ya mesi, simu yake juu ya kreti la soda. Kazi ya kwanza ilikuwa kuisafisha. Programu ile ya wizi iliondolewa, simu yote ikafutwa na kurudishwa ilivyotoka kiwandani, na namba ya siri ya pesa za simu ikabadilishwa kutoka simu nyingine. Asiyefanya hivyo anajenga nyumba juu ya kichuguu.

Tulichagua emuleta iitwayo RetroArch. Tuliichagua kwa sababu haiuzwi, haina matangazo, na maandishi yake yote ya ndani yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyakagua. Tuliichukua katika duka la programu la Google. Yaweza pia kuchukuliwa katika tovuti ya watengenezaji wenyewe, lakini kamwe isichukuliwe katika kiungo kilichotumwa na mtu, hata kama mtu huyo ni sajenti wako. Tulitumia bando la megabaiti mia chache tu, mara moja, na baada ya hapo intaneti haikuhitajika tena.

Ilipofunguka iliomba ruhusa ya kusoma faili za simu. Ruhusa hiyo ni ya haki, maana haiwezi kuendesha gemu isiyoiona. Hapa koplo aliuondoa mkono wake juu ya kioo kama mtu aliyeguswa na moto. Tulimweleza kipimo ambacho tungependa kila askari akishike: ijiulizwe kazi ya programu ni nini, kisha ruhusa ilinganishwe na kazi hiyo. Mashine ya gemu haihitaji kusoma ujumbe wako, wala kujua orodha ya watu unaowapigia, wala kujua mahali ulipo. Ikiyaomba hayo, ifutwe. Namba ya siri ya fedha haiombwi na gemu yoyote duniani.

RetroArch ni kama ganda. Mkalimani wa kila mashine ni kiini chake chenyewe, nacho huongezwa ndani ya ganda hilo. Katika ukurasa wa kwanza tulibonyeza palipoandikwa Load Core, kisha Download a Core, orodha ndefu ikatokea. Kwa Famicom tulichagua kiini cha FCEUmm, ambacho ni chepesi na kinazifaa simu dhaifu. Kwa Game Boy Advance tulichagua mGBA. Halafu tulitengeneza folda katika kumbukumbu ya simu, tukaipa jina la GEMU, tukaiweka humo Nova na Anguna, zikiwa zimechukuliwa katika kurasa za watunzi wao. Tukarudi kwenye RetroArch, tukabonyeza Load Content, tukaifuata folda mpaka kwenye faili, tukachagua kiini. Muziki ukalia chini ya mwembe. Koplo alicheka kwa sauti, na mpishi wa mesi akatoka jikoni kutazama kuna nini.

Vitufe hujichora vyenyewe juu ya kioo. Mwanzoni vidole huvikosa, kwa sababu kioo ni laini na hakina ukingo wa kushika, na mchezaji hufa kabla ya kurusha hata risasi moja. Simu ilazwe kwa upana, dole gumba la kushoto lisiinuliwe bali liteleze. Simu ikichelewa kuitikia kidole, aghalabu dawa ni kuizima hali ya kuokoa betri. Mwenye uwezo aweza kununua pedi inayounganishwa kwa Bluetooth, au akatumia ile ya waya kwa kiungio kidogo. Mtetemo wa simu kila kitufe kinapobonyezwa waweza kuzimwa katika mipangilio, na askari wanaolala kumi katika bweni moja watamshukuru atakayeuzima.

Mashine kubwa zaidi zinahitaji maelezo marefu ambayo hatutayaingia. Itoshe kusema kwamba PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, aghalabu huhitaji pamoja na gemu faili la mfumo ambalo ni mali ya Sony, na kwa hiyo swali la halali linarudi kwa nguvu. PSP haina taabu hiyo: emuleta yake, PPSSPP, hufanya kazi bila faili la namna hiyo.

KUHIFADHI SAFARI

Jambo la kuhifadhi ndilo linalowatesa wanaoanza, tena ndilo lililokuja kuwa na faida kuliko yote katika kisa hiki. Ziko njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni hifadhi ya gemu yenyewe. Zamani kaseti kubwa zilikuwa na betri ndogo ndani iliyolinda kumbukumbu hata mashine ikizimwa. Betri hiyo ikifa, safari yote ya mtoto hufutika. Emuleta huiga betri hiyo kwa kutengeneza faili dogo lenye jina lile lile la gemu. Ya pili ni kuhifadhi hali: unaisimamisha gemu katikati ya ruko, emuleta inapiga picha ya kila kitu kilichomo ndani ya mashine wakati huo, na kesho unaendelea ukiwa ungali hewani. Njia hii ya pili ni tamu, na askari anayeitwa kwa dharura ataipenda kwa kuwa haimlazimu kutafuta mahali pa kuhifadhia. Lakini kiini kikibadilishwa kuwa kipya picha ile yaweza kukataa kufunguka. Ile ya kwanza hudumu. Sisi twashauri zote mbili zitumike, ila roho itegemee ya kwanza.

Koplo aliipuuza nasaha hii katika wiki ya kwanza. Alihifadhi ndani ya gemu, hakuifunga gemu kwa utaratibu, simu ikaisha chaji, na saa nzima ya mapango ikapotea, kwa sababu faili huandikwa gemu inapofungwa. Katika mipangilio ya kuhifadhi ipo amri ya kuliandika faili kila baada ya sekunde kadhaa, na iko nyingine ya kuliweka katika folda ile ile ya gemu badala ya kulificha mbali. Tuliziwasha zote mbili. Amri hiyo ya pili ilionekana kama jambo dogo siku ile.

Wenye simu mbili waweza pia kucheza pamoja bila intaneti. Mmoja huifanya simu yake kuwa kituo cha Wi-Fi, wa pili hujiunga, na RetroArch za pande zote mbili huonana zenyewe, mradi kiini na gemu ni vile vile kabisa kwa kila upande. Tumeona mapraiveti wawili, mmoja kitanda cha juu na mwingine cha chini, wakichapana namna hii jioni nzima bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Ukilinganisha na vijana wanaomaliza mshahara katika kamari za mpira kabla ya tarehe kumi, sisi twajua tungependelea kumkuta nani tukifanya ukaguzi wa bweni.

MAHALI NA WAKATI

Haya yote ni ya saa za mapumziko. Lindoni hakuna gemu, na hatutajadili. Mwanga wa kioo cha simu usiku huonekana kutoka mbali, na jicho lililozoea kioo halioni gizani kwa dakika kadhaa. Yule anayekutafuta hatakupa maisha thelathini.

Liko na jambo la mahali. Januari 2018 magazeti ya dunia yaliandika jinsi ramani iliyochapishwa na programu ya mazoezi ya Strava ilivyozianika kambi za kijeshi katika nchi kadhaa, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia asubuhi na simu au saa zilizorekodi njia zao. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Walikuwa wakijali afya tu. Emuleta ya kweli hucheza vizuri hata simu ikiwa katika hali ya ndegeni, mawasiliano yote yakiwa yamezimwa, na kwa mtu aliye katika posti ya mbele hiyo ndiyo hali pekee ya kuichezea, pale tu komanda wake anaporuhusu simu.

FAILI LA KOPLO

Koplo alikaa nyumbani siku kumi na nne za likizo. Alituambia baadaye kwamba siku tatu za kwanza mtoto alimtazama tu akifa mapangoni. Siku ya nne mtoto alisema, "Hapo usipite, baba," na hilo lilikuwa neno la kwanza ambalo hakuulizwa. Kabla ya kuondoka, koplo aliiweka RetroArch katika simu ya mama yake mtoto, pamoja na kiini kile kile na Anguna ile ile, jina la faili halikubadilishwa hata herufi moja.

Sasa yuko katika kituo cha mbali ambako mtandao hupatikana juu ya kilima tu. Jioni akiwa hana zamu hucheza nusu saa, huhifadhi, huifunga gemu kwa utaratibu, na Jumamosi hupanda kilima na kulituma lile faili dogo nyumbani kama mtu anavyotuma picha. Mtoto huliingiza katika folda juu ya lile la zamani, huendelea pale baba alipoachia, na Jumamosi ifuatayo hulirudisha. Wamekubaliana kwamba hakuna anayecheza kabla faili halijafika, maana wakicheza wote wawili kwa pamoja mmoja atamfutia mwenzake. Kanuni hiyo ilitungwa na mtoto.

Ada ya muhula wa pili koplo anailipa kidogo kidogo, kwa mkopo wa chama chao cha akiba. Bado hajaimaliza. Wiki iliyopita alitupigia kutoka kilimani, tukadhani kuna tatizo.

"Hapana, afande. Kijana amenipigia yeye mwenyewe. Anasema kule chini nimeupita mlango bila kuuona. Amenieleza njia yote, kushoto, kulia, mpaka salio likaisha. Mama yake alikuwa akiingoja simu yake dakika ishirini."